Mbwa Yule wa Karibu na Mlango



Nilikuwa Arusha kwa semina, na mchana mmoja mwenzangu alinishawishi tuingie katika nyumba ya maonyesho ya picha. Ukutani palijaa mandhari ya kwetu: mbuga, migunga, na vilima kama vile tunavyoviona kutoka Ololosokwan tukitazama Serengeti. Ilikuwepo pia michoro ya tingatinga, ile aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwaka 1968, yenye chui, tembo na ndege wa rangi kali. Karibu na mlango ilitundikwa picha ya kamera: mbwa koko amelala chini ya meza ya muuza nyama, mbavu zinahesabika. Watu walisimama sana mbele ya vilima. Mbwa walimpita tu.

Nami ningempita, lakini nilikumbuka jambo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana, mama mmoja alileta mtoto aliyekuwa anaogopa maji. "Sista," aliniambia, "ni mbwa mdogo tu alimng'ata, mwezi uliopita. Kidonda kilishapona." Hatukuweza kumwokoa mtoto yule. Mama hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kichaa cha mbwa hukaa kimya mwilini kwa wiki au miezi, na kwamba dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa.

Tunamwita mbwa koko kana kwamba hana mwenyewe. Lakini wengi wanaozurura wana boma lao. Usiku hutubwekea fisi, asubuhi hufuatana na watoto machungani, na chakula hujitafutia jalalani. Ni wetu.

Hata vilima vile vizuri havijatengwa naye. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani.

Basi mama, mtoto aking'atwa, au hata kukwaruzwa tu, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili wala majivu. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, akaanze chanjo, na arudi kila tarehe atakayopangiwa mpaka amalize. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Waambie watoto wasifiche: wengi hunyamaza wakiogopa fimbo.

Na siku ya chanjo ya mifugo, mbwa nao wafungwe kamba wapelekwe, pamoja na watoto wao. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mwaka 1885 mama mmoja alisafiri hadi Paris na mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa. Louis Pasteur alimpa chanjo ambayo ilikuwa bado mpya kabisa. Mtoto alipona, akaishi hadi utu uzima. Mama yule hakungoja kidonda kipone chenyewe.

Jioni ya leo, mkimaliza kukamua, mtazameni mbwa aliyelala mlangoni. Je, amechanjwa?