Mchoro Uandikwe, Usibandikwe

Ukifungua tasnifu za isimu zilizomo katika maktaba ya kitivo chetu, utakuta kwamba maandishi ni maandishi, lakini michoro ni picha. Mti wa sentensi umechorwa kwa penseli na kupigwa picha kwa simu, au umeungwaungwa kwa mistari na visanduku vya Word, kisha ukabandikwa katikati ya ukurasa. Anayekuja baadaye akitaka kuuendeleza uchambuzi ule hana la kufanya ila kuuchora upya kuanzia shina hadi majani. Naona wakati umefika tuiache desturi hiyo. Mchoro katika isimu si pambo. Ni dai juu ya lugha, nalo dai liandikwe kwa namna ambayo mwingine ataweza kulisoma, kulipinga na kulisahihisha.

Wanaotunga programu za kompyuta walikutana na shida hii kabla yetu. Kurasa zao za maelezo huzalishwa na programu kutoka kwenye faili za maandishi, na michoro iliyobandikwa ilikuwa inazeeka huku maandishi yakibadilika. Dawa waliyoipata ni kuueleza mchoro kwa maneno. Graphviz, iliyozaliwa katika maabara za AT&T huko Marekani, ina lugha ndogo iitwayo DOT: unataja vifundo na mishale inayoviunganisha, nayo programu inapanga na kuchora. Baadaye vizalishi vya kurasa vikaipokea. Katika Doxygen, iliyotolewa mara ya kwanza 1997, unaandika maelezo ya mchoro kati ya amri \dot na \enddot, na ukurasa unatoka na mchoro wake mahali pake. Sphinx, iliyotolewa 2008 kwa ajili ya maelezo ya lugha ya Python, ina njia kama hiyo.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Tulipofundishwa kuchanganua sentensi tulipewa njia ya mishale na njia ya matawi. Njia ya mishale ni maandishi matupu. Njia ya matawi ni picha ya maandishi yale yale. DOT ni njia ya mishale inayojichorea matawi yenyewe. Tuchukue sentensi «Wanafunzi wanasoma vitabu»:

S -> KN1; S -> KT;
KN1 -> wanafunzi;
KT -> T; KT -> KN2;
T -> wanasoma; KN2 -> vitabu;

Ukiyazungushia mabano na neno moja la kufungulia, kazi imekwisha. Angalia pia kwamba virai nomino viwili vimepewa namba. Kwa DOT, jina moja ni kifundo kimoja. Ukiandika KN mara mbili bila kutofautisha, kiima na yambwa vitaungana kuwa kitu kimoja. Katika picha unaweza kuandika KN popote na msomaji akakuelewa kwa huruma. Kompyuta haina huruma hiyo, inakulazimisha kusema kama unazungumzia kirai kile kile au kingine. Ukishasema, unaweza kuagiza vyote viwili vionyeshwe kwa lebo ya KN.

Faida kubwa zaidi inaonekana pale tunapobishana, na kitenzi cha Kibantu ndicho uwanja wetu wa kubishania. Katika «tutawapikia» tuna tu-ta-wa-pik-i-a. Kiambishi -wa- cha yambwa kikae wapi? Mmoja atakiweka moja kwa moja chini ya kitenzi, sambamba na kile cha njeo. Mwingine atakiweka pamoja na shina, kwa kuwa katika lugha nyingi za Kibantu kanuni za toni huchukulia yambwa na shina kuwa eneo moja. Haya ni madai mawili tofauti. Katika picha, kuhama kutoka dai moja hadi jingine ni kufuta na kuchora upya. Katika maandishi ni kubadilisha mstari mmoja: Kitenzi -> wa inakuwa ShinaKuu -> wa. Mwalimu anayesimamia kazi anauona mstari uliobadilika, anauliza kwa nini, na mwanafunzi anajibu. Usimamizi wa tasnifu ungekuwa hivyo, tungepoteza muda mdogo kwenye rula na mwingi kwenye hoja.

Halafu kuna suala la toni na irabu. Katika Lingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Alama hizo ndizo lugha yenyewe. Zikiwa ndani ya picha iliyofifia, haziwezi kutafutwa, kunakiliwa wala kuhesabiwa. Zikiandikwa katika DOT zinabaki herufi, na mchoro ukitolewa kwa umbo la SVG zinaweza kubaki herufi hata ndani ya mchoro. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti, akifika kwenye picha hupita kimya. Maelezo ya maandishi walau yana kitu cha kusomwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba hatuna intaneti ya uhakika wala umeme wa kudumu. Lakini Graphviz ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Faili ya mti mzima ni nyepesi, inaandikwa hata kwenye simu na kutumwa kwa ujumbe wa kawaida. Ya pili ina uzito zaidi: programu inapanga vifundo inavyoona yenyewe, na kwa mwanaisimu mpangilio wa maneno kutoka kushoto kwenda kulia ni sehemu ya uchambuzi. Ni kweli. Ndiyo maana ni lazima kuongeza agizo ordering=out, linaloyapanga matawi kwa mfuatano ulioyaandika. Hata hivyo kuna michoro, kama ile ya mawimbi ya sauti au ramani za lahaja, ambayo DOT haikuundwa kwa ajili yake, na hiyo ibaki picha.

Ninachoomba si kikubwa. Kitivo kiagize kwamba kila mchoro wa matawi katika tasnifu uwasilishwe pamoja na maandishi yake, na maandishi hayo yahifadhiwe. Saa mbili za mazoezi katika mwaka wa kwanza wa isimu zinatosha kuanza. Baada ya hapo tuunganishe kazi zetu katika kurasa za pamoja zinazozalishwa upya kila uchambuzi unaposahihishwa.

Katiba ya 2006 inataja lugha nne za kitaifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Nje ya hizo kuna lugha nyingi za nchi yetu ambazo tasnifu ya mwanafunzi ni miongoni mwa maelezo machache yaliyopo. Mwanafunzi huyo akiondoka na faili yake, nasi tukabaki na nakala ya nakala ya picha, atakayemfuata hataendelea pale alipoishia mwenzake. Ataanza upya, na wazee aliowahoji yule wa kwanza huenda hawapo tena.