Ukikosa Utingo, Shuka Utazame

Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tutazungumza habari za chanjo kwa watoto wanaokwenda nyumbani likizo. Mnisamehe, chanjo zitasubiri. Limetokea jambo ambalo siwezi kulikalia kimya, maana nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Mdogo wangu ni dereva wa lori la kusambaza samani hapa Dubai. Si semitrela, ni gari la ukubwa wa Fuso, lenye bodi la bati lililofungwa pande zote. Wiki tatu zilizopita alikuwa na mzigo wa kuleta huku tunakoishi, Dubai Silicon Oasis, majengo mawili kutoka kwetu. Nikampigia simu kumuuliza kama atapita kula. Akapokea. "Dada, ngoja kidogo, narudi nyuma," akasema. Lakini yeye hakukata simu, nami sikukata. Nikaendelea tu: mama amepiga, zile hela za bati zimefika, fundi sasa anataka nyongeza. Sijamaliza habari ya fundi nikasikia kishindo, halafu kimya.

Ilikuwa nguzo. Nguzo fupi ya chuma, zile zinazozuia magari yasipande njia ya waendao kwa miguu. Ilipinda, na taa ya nyuma ya lori ikavunjika. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara, jasho linamtoka, akaniambia neno moja ambalo usiku ule halikunipa usingizi: "Dada, dakika moja kabla yake palikuwa na mama na kigari cha mtoto pale pale."

Mimi ni nesi. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja niliyofanya kazi, tuliletewa kijana aliyebanwa kati ya mkia wa lori na ukuta wa jukwaa la kupakulia mizigo. Yeye ndiye aliyekuwa akimwelekeza dereva. Lori halikuwa na mwendo wa kutisha, lilikuwa linatambaa tu. Mifupa ya nyonga haivunjwi na kasi peke yake, uzito unatosha, na mtu aliyevunjika nyonga anaweza kumwaga damu nyingi ndani ya mwili bila tone kuonekana nje. Tulihangaika naye saa nyingi. Alipona, lakini kwa fimbo. Ninayemkumbuka zaidi ni dereva. Alikaa kwenye kiti cha korido na kizibao chake cha njano, hakula, hakunywa, akimuuliza kila mmoja wetu aliyepita, "Yupo?" Alikuwa mtu wa kwetu, Afrika Mashariki. Nilimjibu kwa Kiswahili ndipo akalia.

Nimekulia Makambako, mji wa njia panda, ambako barabara ya Songea inakutana na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Malori tumeyaona tangu tukiwa watoto. Na lori la kwetu, kama mnavyojua, halina dereva mmoja tu. Lina utingo, au taniboi kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Tulikuwa tukimcheka utingo, jinsi alivyochafuka grisi na kulala juu ya mzigo. Lakini lori likitaka kurudi nyuma, yeye ndiye anayeruka chini wa kwanza. Anafukuza watoto, anafukuza mbuzi, anasimama pembeni na kuita: "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo," kisha anapiga bodi pa! pa! na lori linasimama. Likisimama anaweka jiwe au gogo nyuma ya tairi. Tulidhani huyo ni kibarua wa kubeba mizigo. Kumbe alikuwa macho ya nyuma ya gari.

Mdogo wangu hapa hana utingo. Siku nyingine anapewa wabebaji wawili, siku nyingine yuko peke yake na kamera. Nami sina ugomvi na kamera. Marekani walitunga sheria mwaka 2008, baada ya watoto wengi kukanyagwa na magari ya wazazi wao wenyewe uani, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa kule lazima liwe na kamera ya nyuma. Lakini angalieni: sheria ile inahusu magari ya uzito usiozidi kilo 4,536 hivi. Malori makubwa hayamo. Na hata lori likiwa na kamera, vumbi la hapa linaifunika kwa siku moja, asubuhi za baridi kuna ukungu, na jioni jua likishuka linapiga kioo usione kitu. Kamera inaonyesha kilichopo nyuma ya bampa. Haionyeshi mtoto anayekuja na skuta kutoka pembeni.

Wanaoishi huku Silicon Oasis wanaijua hali yake. Ni kilomita za mraba 7.2 tu, lakini ndani yake kuna maofisi, maghala, vyuo, hospitali, majengo ya kupanga na nyumba za kifamilia, vyote vimekaribiana. Lori la samani, lori la maji, lori la taka na lori la duka kubwa hupita kwenye vichochoro vile vile vya nyuma ya majengo ambamo watoto wetu hucheza saa za jioni jua likipoa. Mwaka 2023 kule Cedre Villas walijaribu vile vigari vya roboti vinavyopeleka chakula mlangoni. Watoto walivipenda kweli, maana ukisimama mbele ya roboti inasimama. Wangu alidhani kila chenye magurudumu kitafanya hivyo. Ilinibidi nimkalishe.

Basi nimwambie nini dereva? Nimeuliza madereva watatu wenye umri, mmoja ameendesha matela ya Kongo kabla ya kuja Ghuba, na wote walianza na neno lile lile: ukiweza kutorudi nyuma, usirudi. Zunguka jengo, tafuta njia ya kuingilia mbele na kutokea mbele. Kama huna budi, rudi nyuma wakati wa kuingia, ukiwa umetoka kupaona mahali penyewe, ili wakati wa kuondoka utoke kwa mbele. Wengi hufanya kinyume: wanaingia kwa mbele kwa sababu ni rahisi, halafu wanatoka kinyumenyume kwenye barabara iliyojaa watu wasiowaona.

La pili ndilo kubwa. Shuka utazame. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, teremka, zunguka lori lote kwa miguu. Tazama chini kuna nini, juu kuna nini (matawi, paa la maegesho, nyaya), nani amekaa kwenye kivuli cha lori lako. Hapa kwetu kivuli ni mali, mtu anaweza kujikunyata nyuma ya tairi anapumzika na wewe huna habari. Kisha panda uondoke mara moja. Ukishuka ukatazama, halafu ukakaa dakika tano unajibu ujumbe, ulichokiona kimekwisha, tazama upya. Na kama njia ni ndefu, simama katikati ushuke tena. Najua joto la Julai. Najua mtu ametoka kwenye kiyoyozi na nje ni digrii arobaini na kitu. Lakini kuzunguka lori ni chini ya dakika moja.

Kiyoyozi chenyewe nacho ni tatizo. Madirisha yamefungwa, redio inaimba, mtu nyuma anapiga kelele na wewe husikii. Wakati wa kurudi nyuma zima redio, teremsha vioo vyote viwili, washa hazadi, piga honi mara mbili. Yale mafilimbi ya piip-piip yanayolia lori likirudi nyuma yamezoeleka mno masikioni, kwenye eneo la ghala yanalia manne kwa pamoja na hakuna anayegeuka.

Kuna jingine ambalo linatuhusu sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Uganda. Kwetu usukani uko kulia. Dereva aliyezoea kupinda lori akirudi nyuma huchagua upande wake, kwa sababu upande huo anaweza kutoa kichwa dirishani na kuuona mkia. Hapa usukani uko kushoto, kwa hiyo upande wa kuona ni kushoto, na upande wa upofu ni kulia. Mdogo wangu alifundishwa hilo shule ya udereva, akafaulu, lakini anasema akichoka mkono wenyewe unarudi Makambako. Siku ile ya nguzo alipinda kulia. Mwenye tela ana shida kubwa zaidi, maana tela likishapinda upande usiouona, kioo kinakuonyesha ubavu wa tela tu na si kilicho nyuma yake.

Akiwapo wa kukuelekeza, awe mmoja tu. Nimeshuhudia lori likielekezwa na watu wanne, kila mmoja na mkono wake. Huyo mmoja asimame pembeni mahali unapomwona kiooni, asitembee kinyumenyume, na kamwe asisimame kati ya lori na ukuta. Yule kijana wa nyonga alisimama hapo hapo. Akipotea kiooni, kanyaga breki papo hapo, usingoje sauti.

Tena elewaneni ishara kabla ya kuanza. Mdogo wangu ana kichekesho chake, ingawa siku ilipotokea hakikuchekesha. Mbebaji aliyekuwa naye anazungumza Kihindi. Akawa anamwita nyuma, halafu akapaza sauti, "Bas! Bas!" Kwao maana yake inatosha, na Waarabu nao husema hivyo hivyo. Mdogo wangu, Mswahili, akasikia "basi", akangoja maneno yaendelee: basi nini, basi njoo, basi kata? Lori likazidi kama hatua moja. Bahati nyuma palikuwa na maboksi matupu. Sasa wana mkono: mikono miwili juu imekunjwa ngumi ni kusimama, kwa lugha zote.

Nisiache ya kwangu kama nesi. Likitokea la kutokea, mtu akawa chini ya lori au amebanwa, dereva usiingiwe na hofu ukasogeza gari mbele na nyuma. Zima, vuta breki, weka kizuizi kwenye tairi. Gari la wagonjwa hapa Dubai ni 998, polisi ni 999. Sema amebanwa, ili waje na vifaa vya kuinulia. Usimvute, usimkalishe, usimsimamishe hata akisema yuko sawa. Damu ikitoka mahali unapoweza kufikia, gandamiza kwa kitambaa usiachie. Zungumza naye. Usimpe maji wala soda, huenda akahitaji upasuaji.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Hapa mtu akifa kwa ajali kuna diya, na kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa dirhamu 200,000. Kuna kesi, na wakati wa kesi mtu anaweza kuzuiwa kusafiri. Nani atasomesha watoto wakati huo, kila familia inaweza kujijibu.

Nikarudi kwenye simu yangu. Sisi ndugu ndio tunaowapigia. Sisi ndio wateja pia: tunapiga mara tatu, kitanda kiko wapi, umefika wapi, mbona umechelewa, mimi natoka saa nane. Dereva anapokea kwa sababu asipopokea atalalamikiwa, na anapokea huku mkono mmoja uko kwenye usukani na gia iko rivasi. Mimi nimeacha. Akiwa kazini namwachia ujumbe wa sauti, atausikiliza akisimama. Lori likija nyuma ya jengo letu, nashuka kuwaita watoto wakae kwenye ngazi mpaka limalize.

Mama kule Makambako alipopata habari ya nguzo hakusema mengi. Ila siku hizi mdogo wangu akipokea simu yake, kabla ya salamu, kabla ya fundi na bati, anaulizwa, "Gari umezima?" Asipojibu upesi, mama anakata.