Vidudu vinavyokula mboga zetu



Juma hili tunarudi kwenye bustani. Katika vikundi, swali ni lile lile: mashu yametobolewa yote, tufanye nini?

Geuzeni jani. Mkiona kiwavi mdogo wa kijani, ambaye ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi, ndiye huyo. Mama yake ni kipepeo mdogo wa rangi ya udongo, anaruka jioni na kutaga mayai kwenye majani.

Wengi wanakimbilia dawa ya sokoni. Lakini kiwavi huyu anazoea dawa upesi sana: mwaka 1953, katika kisiwa cha Java huko Indonesia, tayari alikuwa anaishinda DDT. Tena dawa inaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani yake na kummaliza. Nchini Kenya, watafiti wa ICIPE walileta nyigu wa namna hiyo kutoka Taiwan, wakawaachia mashambani mwaka 2002, na viwavi wakapungua.

Halafu kuna watoto. Sisi tunakula majani yenyewe: mashu, lengalenga, sombe, majani ya maharagi na ya maboga. Kinachopulizwa kwenye jani kinaingia kwenye chungu. Mmoja wetu alinunua dawa iliyotiwa ndani ya chupa ya juisi, bila karatasi ya kueleza siku za kungoja kabla ya kuchuma. Mtoto wake wa miaka 3 aliikuta chini ya kitanda, akafungua kifuniko. Mungu alisaidia, mama akaingia kwa wakati.

Sisi tunafanya hivi. Kila asubuhi tunageuza majani na kuponda mayai kwa vidole. Viwavi tunawatupia kuku. (Mama wa Walikale msicheke, hawa si wale viwavi wa msitu wa kupika!) Bustani ya nyuma ya nyumba haichukui muda, hata kwa wale waliokimbia vita na wana kipande kidogo tu. Majivu yaliyochekechwa tunanyunyiza wakati jani lina umande. Mvua inayaondoa, na kwetu mvua haikosi, basi tunarudia.

Wakizidi, tunaponda kiganja kimoja cha pilipili kali, tunailoweka usiku kucha katika litri 1 ya maji, tunachuja kwa kitambaa, tunatia kijiko kidogo cha sabuni iliyokwanguliwa. Tunapuliza jioni, chini ya majani, watoto wakiwa mbali. Jaribuni kwanza kwa mche mmoja, maana sabuni ikizidi inaunguza. Na mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Wengine wametuuliza juu ya ule mmea wa kuvulia samaki. Kweli majani yake yanaua vidudu, lakini ni sumu. Hatuyapulizi kwenye mboga za majani, na ndoo yake haioshwi mtoni.