Ratiba ya zamu ni mtaji, isichezewe

WAFANYABIASHARA wengi wa rejareja huhesabu mali iliyomo stoo kila mwisho wa mwezi. Ni wachache wanaohesabu hasara inayoletwa na ratiba ya zamu inayobadilishwa kiholela. Muuzaji huambiwa usiku kwamba kesho aingie asubuhi badala ya mchana, na mwenzake aliyekubali kumshikia zamu hapewi taarifa. Matokeo yake, wanafika wawili mahali pa mmoja, au hafiki hata mmoja na wateja wanahamia duka la jirani.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye rejista ya fedha. Zamu zinapobadilishwa kwa mdomo, daftari huonyesha jina la mmoja wakati fedha zimepokelewa na mwingine. Zikipungua, anayekatwa mshahara ni yule aliyeandikwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata hivi hivi. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, naye apewe nafasi ya kujieleza. Mwenye duka asiyejua nani alikaa kwenye rejista hana ushahidi wa kupeleka popote.

Sheria hiyo inaweka pia saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada kulipwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi ya usiku. Aidha, mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi, wala kumwachia, afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Hivyo keshia anayeunganisha zamu yake na ya mwenzake "kwa makubaliano yao" anamwingiza mwajiri matatani, hata kama mwajiri alikuwa amelala nyumbani.

Tatizo hili si la maduka ya Kariakoo peke yake. Nchini Marekani, makampuni makubwa ya nguo yalizoea kuwaweka wauzaji katika hali ya kusubiri: mtu anapiga simu saa chache kabla ya zamu kuuliza kama anahitajika, na asipohitajika halipwi kitu. Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliyaandikia makampuni 13 kuyahoji kuhusu mtindo huo, na kadhaa yakauacha. Seattle, kwa sheria iliyoanza Julai 2017, iliwataka waajiri wakubwa wa maduka na migahawa kutoa ratiba siku 14 kabla, na kulipa fidia wakiibadilisha baadaye. Jimbo la Oregon lilifuata mwaka 2018, na jiji la Los Angeles mwaka 2023.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba biashara haitabiriki. Hoja hiyo ina uzito kidogo, kwani hakuna ajuaye siku mvua itakapofukuza wateja. Hata hivyo, jaribio lililofanywa katika maduka ya kampuni ya Gap ya San Francisco na Chicago kuanzia mwishoni mwa 2015 lilitoa jibu tofauti. Watafiti waligundua kuwa sehemu kubwa ya vurugu za ratiba haikusababishwa na wateja, bali na makao makuu: mizigo iliyofika bila taarifa sahihi na matangazo ya bei yaliyobadilishwa dakika za mwisho. Maduka yaliyopewa utaratibu wa zamu zinazotabirika, pamoja na njia ya wazi ya kubadilishana, yaliongeza mauzo kwa asilimia 7 na tija ya kazi kwa asilimia 5. Muuzaji mzoefu aliyepo kwa wakati huuza zaidi.

Mwenye duka dogo hahitaji kompyuta kufuata somo hilo. Ratiba ya wiki mbili ibandikwe ukutani. Anayetaka kubadilishana zamu aandike kwenye daftari moja, wote wawili watie saini, na msimamizi aidhinishe kabla ya siku yenyewe. Rejista ihesabiwe kila zamu inapokabidhiwa, mbele ya anayetoka na anayeingia. Mwajiri naye akibadilisha ratiba ghafla, agharamie usumbufu, angalau nauli. Akiona gharama hiyo ni kubwa, atajifunza kupanga mapema.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua hisa au kuingia ubia katika biashara ya maduka, mizania peke yake haitoshi. Aulize wauzaji wangapi wameondoka katika mwaka mmoja, na ratiba ya wiki ijayo iko wapi. Akijibiwa kwamba ratiba "anayo meneja kichwani", ajue kwamba fedha zake nazo zitatunzwa humo humo kichwani. Mali ikiharibika stoo huonekana kwa macho, lakini wauzaji wakichoka kuyumbishwa huondoka kimya kimya, na wateja huwafuata.