Ukoka si kapeti jamani, uacheni upumue!

Leo nawaletea stori ya majani. Wewe unayecheka pembeni, simaanishi yale ya kuvuta! Nazungumzia nyasi, hizi tunazozikanyaga kila siku bila hata kuziomba radhi.

Unaona mchezo? Waulize wenye timu yao pale Mtaa wa Msimbazi. Mei 17, 2025 Simba walilala 2-0 kwa RS Berkane kule Morocco, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika. Vijiweni watu wakapiga mahesabu: marudiano ni kwa Mkapa, mashabiki 60,000, wageni watatokea wapi? Thubutu! Eneo la kuchezea pale kwa Mkapa halikuwa katika hali ya kuwaridhisha CAF, ambao Machi mwaka huohuo walishaufungia uwanja kwa muda kwa ugonjwa huohuo. Mei 25 watu wakapanda boti kwenda Amaan, Zanzibar. Mechi ikaisha 1-1, kombe likaenda zake.

Sisemi majani ndiyo yaliyofungwa mabao, na timu yangu siitaji, nisije nikala kichapo Kariakoo. Ninachosema, uwanja mkubwa kuliko yote nchini ulikosa fainali kwa ajili ya kitu ambacho mbuzi anakila bure. Na nyie watani msicheke sana. Uwanja wenu wa Kaunda pale Jangwani, mafuriko ya bonde la Msimbazi yameshaugeuza bwawa mara ngapi?

Mimi elimu hii naipata kwa mzee mmoja mtunza bustani. Tangu nimalize Fom Foo nimepita deiwaka za kila aina, lakini hii ya majani imenikaa. Mzee hana mashine ya maana. Ana toroli, reki, uma wa bustani, fyekeo, na pipa analolijaza maji kisha tunaliviringisha kusawazisha udongo. Kabla hajashika chombo chochote, anauliza: "Jua linapita wapi hapa, na maji yanatoka wapi?"

Maswali hayo yana maana. Penye jua la kutwa nzima unapanda ukoka. Unavumilia ukame na mguu, lakini ukiuweka chini ya mwembe unakonda na kufa. Penye kivuli weka majani ya Pemba, yale yenye jani pana. Na kama maji ni ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya mjini hapa, tafuta paspalamu, nyasi ya ufukweni iliyozoea chumvi. Ile ya Kikuyu inayopendeza Arusha na Nairobi iache hukohuko, inataka ubaridi.

Halafu msidharau ukoka. Mwaka 1960 wataalamu wa Tifton, jimbo la Georgia kule Marekani, walitoa aina inayoitwa Tifway. Ni chotara wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini, na leo imetanda kwenye viwanja vya mpira na gofu nchi nyingi za joto. Haitoi mbegu za kupanda, huoteshwa kwa pingili, kama mzee wangu anavyofanya na ukoka wake wa kwenye kiroba.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza unang'oa magugu na mizizi yake yote. Unalima, unachanganya samadi iliyooza na mchanga ili maji yashuke yasituame. Unasawazisha, ukiacha mwinuko kidogo katikati ili mvua ikimbilie pembeni. Hapo ndipo unachomeka pingili, sentimita 20 kutoka moja hadi nyingine. Kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba inakula pingili 25. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, piga hesabu mwenyewe: pingili 178,500! Mgongo uutoe wapi?

Panda mvua za masika au vuli zinapoanza, Mungu akusaidie kumwagilia. Mwanzoni maji kidogo kila siku. Ukishashika, mwagilia asubuhi, mara chache lakini maji yazame, mzizi uyafuate chini. Ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Wenye tamaa wanaonyoa upara wanachoma mzizi kwa jua, kisha wanalaumu mbolea.

Lakini adui mkubwa wa nyasi ni miguu, hasa miguu juu ya udongo uliolowa. Udongo unashindiliwa, hewa na maji havipiti, mzizi unakosa pumzi. Utaona majani ya njano na utaongeza maji, kumbe unayazamisha. Dawa yake ni kuuchoma udongo kwa uma, kufukia matundu kwa mchanga, na kuyaacha majani yapumzike.

Kuna bosi mmoja tulimpandia bustani, tukamwambia asikanyage mtu kwa wiki sita. Wiki ya tatu akaangusha sherehe, maturubai, viti, spika, watu wakaserebuka mpaka majogoo. Majani yalipokufa akasema mzee ni tapeli. Hela iliyobaki mpaka leo hatujaiona, na kodi ya chumba changu ilikuwa inaitegemea hiyo.

Yule bosi ni sisi wote, ila sisi bustani yetu ni Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha wazi eneo lile kutenganisha Uhindini na Kariakoo, kila rangi ikae kwake. Waswahili tukaligeuza la kwetu. TANU walihutubia hapo, swala za Idd zinaswaliwa hapo, watoto wa ghorofani na wa uswahilini wanakimbiza mpira pamoja. Ukilipa eneo kama hilo mkutano leo, tamasha kesho, magari keshokutwa, na mvua katikati, hata ukoka wenye roho ya paka utasalimu amri.

Wapo wanaosema tumalize kesi, tuweke nyasi bandia. Sheria za soka zinaziruhusu tangu 2004, na Kidongo Chekundu hapo jirani kuna kituo cha vijana kilichofunguliwa 2015 chenye uwanja wa namna hiyo. Nazikubali, zinabeba mechi nyingi kwa siku. Ila jua la saa nane likizipiga zinaunguza unyayo, zinataka kupigwa brashi, na zikichakaa baada ya miaka kama kumi hazichipui. Ni mamilioni tena.

Ukoka unachipua. Hautaki mamilioni, unataka ratiba: sehemu hii ichezewe, ile ilale, na siku ya tope asiingie mtu. Unataka pia kijana mmoja mwenye uma na mshahara, anayeruhusiwa kumwambia mheshimiwa, "Samahani mzee, gari lako lisipite hapa." Vijana wa kazi hiyo tumejaa mitaani na vyeti vyetu vya Fom Foo. Mzee wangu yuko tayari kufundisha, tena kwa bei ya chai na chapati mbili.

Mwenye bustani iliyopata njano asikimbilie kununua yurea. Achome uma kwanza, afunge geti, asubiri. Tukutane wiki ijayo, Inshallah.