LIKIZO KWA TAJIRI, MARUFUKU KWA MWENYE KISIWA!

Kwa miaka mingi, matajiri wa Ulaya wamekuwa wakipanga likizo ya familia hivi: baba, mama na watoto wanapanda boti lao la matanga, wanaomba kibali kwa Waingereza, wanalipa ada, wanakwenda kutia nanga Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Hakuna hoteli, hakuna bughudha.

Sasa swali, vijana wenzangu: yale magofu ya nyumba ufukweni, lile kanisa na yale makaburi ni ya nani?

Ni ya watu! Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwafukuza Wachagosi wote ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Mbwa wao waliuawa kwa gesi. Wenyewe wakasombwa melini kama magunia ya nazi, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Eti walikuwa vibarua tu, si wenyeji!

Kisingizio? Usalama! Uongo mtupu. Visiwa vya Salomon na Peros Banhos viko zaidi ya kilomita 200 kutoka kambini. Mtalii akaruhusiwa kutia nanga huko, mzaliwa akazuiwa kuishi. Usalama gani huo?

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilisema Uingereza iondoke haraka. Mei 2025 ndipo ikasaini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa, kambi ikibakizwa kwa miaka 99. Wachagosi wenyewe hawakupewa kiti kwenye mazungumzo!

Mwenye nyumba haombi kibali cha kutembelea kwake. Arudishiwe ufunguo!