AFYA NYUMBANI: Kikohozi cha Usiku Kisichokwisha



Labda nyumbani mwenu yuko mtoto wa namna hii. Mchana ni mzima, acheza na kula vizuri. Usiku wa manane, na tena karibu na alfajiri, aanza kukohoa kikohozi kikavu hata nyumba nzima yaamka. Homa hana. Hakondi. Kifua chake hakilii. Mmekwisha kununua dawa ya maji chupa tatu, bibi yake amemchemshia tangawizi, naye akohoa tu. Jirani mmoja asema, "Ni baridi." Mwingine asema, "Amelogwa huyo." Mwalimu naye alalamika kwamba asinzia darasani.

Juma hili twapenda kuwaambieni neno moja: kikohozi cha namna hii chaweza kuwa pumu.

Mtauliza, "Pumu gani hiyo? Mwenye pumu twamjua: hupumua kwa shida, na kifua chake hupiga mluzi." Ndiyo, wengi wako hivyo. Lakini iko pumu isiyo na mluzi, ambayo dalili yake ni kikohozi peke yake. Mwaka 1979 waganga wa Marekani waliandika habari za wagonjwa waliokohoa muda mrefu bila mluzi wowote. Walipopimwa, ikaonekana ni pumu. Walipopewa dawa za pumu, kikohozi kikakoma. Wako na wengine ambao kifua huwabana tu, au hukohoa wakikimbia, wakicheka, au wakivuta moshi wa kuni na vumbi la kufagia.

Sababu yake ni moja. Ndani ya mapafu mna mirija midogo ya kupitisha pumzi. Mwenye pumu, mirija yake imevimba kwa ndani, na kitu kidogo huichokoza ikabana. Kwa kuwa uvimbe ni ule ule, dawa nayo ni ile ile ya kawaida ya kuvuta kwa mdomo.

Lakini msikimbilie dukani. Nendeni kwanza zahanati. Kikohozi kilichofika majuma 2 yafaa kipimwe kama ni kifua kikuu, hasa mtoto akikonda, akitoka jasho usiku, au kama nyumbani yuko mwenye ugonjwa huo. Dawa ya pumu haiponyi kifua kikuu. Akionekana hana, mwelezeni mganga mambo wazi: kikohozi huja saa ngapi, kimedumu majuma mangapi, nani katika ukoo ana pumu. Mganga aweza kumpima nguvu ya pumzi kabla ya dawa na baada yake. Au aweza kumpa dawa ya kuvuta kwa majuma kadhaa, aone kama kikohozi chapungua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Dawa za kuvuta ni za namna mbili. Ya kwanza, kama salbutamoli, hufungua mirija upesi. Baada ya dakika chache mtu huona nafuu. Ya pili, kama beklometasoni, hutuliza uvimbe wenyewe. Hii haina haraka. Huvutwa kila siku, na kazi yake huonekana baada ya siku na majuma. Basi watu huipenda ile ya upesi na kuitupa ile ya polepole, wakisema haina nguvu. Kumbe ile ya polepole ndiyo tiba yenyewe! Mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa kimataifa waitwao GINA walionya kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa dawa ya kufungua peke yake. Na mwaka huo huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000.

Kosa la pili ni hili: kikohozi kikikoma, mama aficha kikopo sandukuni. Mwezi mmoja au miwili, kikohozi chaweza kurudi. Kukoma kwa kikohozi si ruhusa ya kuacha dawa. Mganga ndiye atakayeipunguza kidogo kidogo.

Wengine hukiogopa kikopo hiki, ati ni dawa ya mtu aliye karibu kufa, ati ukiianza huiachi tena. Si kweli. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja mapafuni, kwa hiyo kipimo chake ni kidogo sana kuliko cha vidonge vya aina hiyo. Tena kikopo hiki kilitokana na swali la mtoto. Mwaka 1955, huko Marekani, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza baba yake, mkuu wa kiwanda cha dawa, kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Mwaka 1956 vikopo vya kwanza vikauzwa.

Namna ya kuvuta ni hii. Tikisa kikopo. Toa pumzi nje. Bana midomo vizuri, anza kuvuta polepole, na papo hapo bonyeza mara moja. Zuia pumzi huku ukihesabu hata 10. Baada ya dawa ya kutuliza uvimbe, sukutua kwa maji na kutema, ili mdomo usipate utando mweupe.

Mtoto hawezi kufanya hayo yote kwa pamoja. Yeye ahitaji chombo cha kupitishia dawa. Kama hakuna, msikate tamaa: mwaka 1999 waganga wa watoto wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri pale kikopo kinapoingia, ilipitisha dawa ya kufungua mirija sawa na chombo cha dukani. Mwombeni mganga awaonyesheni kuitengeneza.

Na gharama? Fanyeni hesabu. Kikopo chenye mipulizo 200, mtoto akiandikiwa 2 asubuhi na 2 jioni, chatosha siku 50. Linganisheni na chupa zile za dawa ya maji zisizosaidia kitu. Andikeni juu ya kikopo tarehe mliyoanza, mjue siku ya kuisha.

Pamoja na dawa, mtoto asilale jikoni penye moshi, na baba asivute sigara ndani ya nyumba. Na mkiona ashindwa kumaliza maneno kwa kukosa pumzi, mbavu zavutika ndani, au midomo yageuka rangi, mpeni ile dawa ya kufungua, kisha mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Leo usiku, basi, mtoto akikohoa, msigeukie ukutani na kusema, "Amezoea." Tazameni saa, hesabuni majuma, na kesho fungeni safari ya zahanati.

Kwaherini hata juma lijalo.